Mwenye Nyumba ya Wageni Naye Alilipwa

Wako Wakristo wanaouliza: mtu akimwokoa mwenzake kisha akapokea fedha, je, ametenda tendo la huruma, ama amefanya biashara tu? Swali hili si la mchezo, kwa maana siku hizi uhai wa mama wengi nchini mwetu umo mikononi mwa watu wa namna hiyo.

Tutwae mfano wa Chidya, wilayani Masasi, karibu na uwanda wa juu wa Makonde, mahali panapojulikana na wengi kwa shule yake ya siku nyingi. Mama aliyejifungua akianza kutokwa na damu nyingi usiku, asipopata tiba aweza kufa kwa muda wa saa mbili hivi. Hospitali ya Mkomaindo iko Masasi mjini, na ile ya Mtakatifu Benedikto iko Ndanda. Kumbeba mgonjwa kwa machela hata huko ni kushindana na mauti.

Kwa ajili ya hatari hiyo uko mpango uitwao m-mama, ambao baada ya kujaribiwa Sengerema na Shinyanga ulizinduliwa kwa nchi nzima mwaka 2022. Mtu hupiga namba 115 bila malipo. Mhudumu aliye zamu huuliza hali ya mgonjwa, kisha hutafuta gari la wagonjwa lililo karibu. Lisipopatikana, humwita dereva wa gari la kawaida aliyeandikishwa kwa kazi hiyo. Naye akiisha kumfikisha mgonjwa hospitalini, hulipwa kwa njia ya simu.

Hapo ndipo manung'uniko huanza. Husemwa kwamba wazee wetu walibebana bure, bali leo hata huruma imetiwa bei. Ni kweli walibebana, na heshima iwe kwao. Lakini petroli hainunuliwi kwa sifa, na dereva naye ana watoto wanaongoja chakula. Akiitwa bure, atakwenda usiku wa kwanza na wa pili. Usiku wa tatu gari halina mafuta. Tena huruma isiyo na utaratibu huwafikia kwanza wanaojulikana, na maskini asiye na ndugu mwenye gari ndiye atakayeachwa.

Katika sura ya 10 ya Injili ya Luka, Bwana wetu awafundisha wanafunzi wake kwamba mtenda kazi ana haki ya ujira. Na sura hiyo hiyo ndiyo yenye mfano wa Msamaria. Twamsifu Msamaria, na ndivyo ipasavyo. Lakini twamsahau mwenye nyumba ya wageni, aliyepokea dinari mbili pamoja na ahadi ya kulipwa zaidi. Bwana hakumlaumu kwa kupokea. Malipo yale hayakuiharibu huruma ya Msamaria, bali yaliiwezesha kuendelea hata yeye alipokwisha kwenda zake.

Hata hivyo, ujira hulipa safari, haulipi moyo. Fedha haiwezi kumfundisha dereva kuendesha kwa upole penye makorongo, kwa kumhurumia alalaye nyuma. Hiyo ndiyo sadaka yake, na thawabu yake iko kwa Mungu.

Tena liko jambo ambalo hakuna dereva awezaye kututendea, nalo ni kupiga simu ile. Mara nyingi safari huchelewa kabla gari halijawashwa. Mke amngoja mume, mume amngoja mjomba, na mjomba ataka wazee wakutane kwanza. Damu haingoji baraza. Kwa hesabu za taifa, vifo vya uzazi vilishuka kutoka 556 kwa kila vizazi hai 100,000 mwaka 2015–16 hata 104 mwaka 2022. Twamshukuru Mungu, lakini kila mmoja wa hao 104 alikuwa na nyumba, na katika nyumba ile walikuwamo watu.

Basi, enyi baba na mama wa familia, patana leo, mgonjwa angali mzima, kwamba yeyote aliye karibu atapiga simu bila kungoja ruhusa. Msamaria hakuitisha shauri kabla ya kumpandisha majeruhi juu ya mnyama wake. Tusimwache dereva akiwa tayari barabarani, huku sisi tungali tukishauriana ndani.