Radhi ya refa

Ed Hochuli alikuwa wakili huko Arizona. Mwisho wa wiki alivaa jezi ya milia myeusi na myeupe akachezesha NFL, ligi kuu ya futiboli ya Kimarekani. Alianza 1990, akastaafu 2018, na alichezesha fainali mbili za Super Bowl. Mashabiki wengi, hata hivyo, wanamkumbuka kwa kipenga kimoja.

Septemba 14, 2008, Denver Broncos walikuwa nyuma 31 kwa 38 nyumbani kwao, dakika za mwisho zikiyoyoma, yadi moja tu kabla ya mstari wa goli. Jay Cutler wa Broncos alitaka kurusha mpira, ukamponyoka. Wapinzani wao, San Diego Chargers, wakauokota, na hapo mechi ingekuwa yao. Ila Hochuli alikwisha kupuliza, akidhani ile ni pasi iliyoanguka chini. Marudio ya video yakaonyesha wazi kwamba amekosea. Kinachoniuma zaidi ni kilichofuata: kwa kanuni za wakati ule, kipenga kikilia mpira umekufa, na refa, hata akiliona kosa lake kwa macho yake mwenyewe, hana ruhusa ya kuwapa haki yao waliouokota. Broncos wakabaki na mpira, wakafunga, wakashinda 39 kwa 38.

Baruapepe za matusi zikamiminika kwa mamia. Hochuli akakaa kuzijibu, akikiri kwamba ameboronga na kwamba kosa hilo linamuumiza. Wakili huyo! Mtu ambaye angemkataza mteja wake kuandika hata nusu ya maneno hayo.

Sisi tumezoea radhi za barua yenye muhuri: “tunaomba radhi kwa usumbufu uliojitokeza.” Usumbufu umechomoza wenyewe, kama uyoga baada ya mvua; hakuna aliyeuleta. Kuna wanaosema refa akikiri kosa wachezaji watampanda kichwani. Sijashawishika. Huyu alikiri, kisha akachezesha misimu mingine tisa, na mwaka uliofuata ligi ikairekebisha kanuni ile.

(Chargers nao hawakuangamia: siku ya mwisho ya msimu waliwafunga Broncos haohao 52 kwa 21, wakaongoza kundi.)

Shawn, mwana wa Hochuli, alikwisha kuwa mtu mzima 2008. Aliyaona yote yaliyompata baba yake. Mwaka 2014 akaingia NFL kuwa mwamuzi, na 2018, mzee alipostaafu, akapandishwa kuwa refa mkuu.