Keria ya Baba

Fundi aliishika spana akaniuliza, "Mwalimu, hii keria tunaitoa ama tunaiacha?"

Lilikuwa swali la kawaida. Nilikuwa nimejiandikisha kwa mashindano ya Desemba, kitengo cha blakimamba, zile baiskeli nzito za chuma ambazo wengi wetu tulizijua kabla ya kujua kusoma. Baiskeli kama hiyo hukaribia kilo 20 kabla hujapakia chochote, na gia haina. Ukitaka kushindana nayo, unapunguza uzito. Madigadi tulikuwa tumeshayatoa, kifuniko cha cheni pia. Ilibaki keria.

"Wacha kwanza," nikamwambia.

Baiskeli yenyewe ni ya marehemu baba. Aliinunua mwaka 1986 na kwa zaidi ya miaka 20 akabeba watu na mizigo hapa Busia, mpakani. Kazi hiyo ndiyo iliyotupa neno bodaboda: kutoka boda hii hadi boda ile. Keria ya dukani haikumtosha, akaenda kwa mchomeleaji akaiongezea nondo ili ihimili gunia zima la mahindi. Kisha pikipiki zikajaa, hasa baada ya serikali kuziondolea kodi zile ndogo mwaka 2008, na wateja wakamkimbia. Akaiegemeza nyuma ya jiko. Kuku wakaigeuza kitanda.

Nilipoifufua mwaka jana nilibadilisha karibu kila kitu: rimu, spoku, gololi, cheni, pedeli, kiti. Vilivyobaki ni fremu na keria. Mwandishi wa Kigiriki, Plutarch, alitusimulia juu ya meli ya Theseus, ambayo Waathene walikuwa wakiibadilisha mbao zilizooza moja baada ya nyingine, hadi wanafalsafa wakabishana: hii bado ni ile meli, au ni nyingine? Nilidhani swali langu ni hilo. Mama ndiye aliyenionyesha kwamba silo.

Alinikuta uani naipaka fremu rangi.

"Unaremba nini?"

"Baiskeli ya baba. Namkumbuka."

Akacheka, lakini si kwa furaha. "Baba yako aliichukia hii kitu. Kila jioni nilimkanda mgongo kwa maji moto, naye akiapa kwamba siku moja ataiuza kama chuma chakavu. Leo wewe unaifanyia sherehe."

Maneno hayo yalinikaa kifuani. Nina haki gani ya kugeuza mchezo kifaa kilichomvunja mwingine mgongo? Jumamosi alfajiri mimi hutoka Busia hadi Bumala na kurudi, nikitafuta jasho. Baba alitaka kulikimbia jasho maisha yake yote. Watu wakiniona wananiinulia dole gumba. Yeye walimpigia honi atoke barabarani. Barabara ni ile ile, fremu ni ile ile.

Kuna jibu jepesi: alitaabika ili mimi nisitaabike, kwa hivyo raha yangu ndiyo matunda ya kazi yake. Karo yangu ilitoka kwenye keria ile, sikatai. Lakini jibu hili nalitilia shaka kwa sababu linanifaa mimi mno. Marehemu hajaulizwa. Nikisema angefurahi, nimemtia maneno kinywani.

Mwingine ataniambia, basi kama aliichukia, iuze. Hapo pia sikubali. Chuki yake ni sehemu ya habari zake, na nikiiuza baiskeli nitakuwa nimeifuta. Nafikiri deni letu kwa waliotangulia si kupenda kila walichokipenda wala kuchukia walichokichukia. Ni kutowasingizia. Naweza kucheza na baiskeli hii, mradi nisijidanganye, wala nisimdanganye mwanangu, kwamba ilikuwa mchezo. Ndiyo maana keria ilinitatiza. Ikitoka, mtu atakayeiona ataona chombo cha kale kilichong'arishwa, basi. Hataona gunia.

Nikamwambia mama kwamba sitaitoa. Nilitarajia afurahi.

"Itoe, usiitoe, shauri yako," akasema. "Mimi sijui hata inakaliwaje. Ilikuwa ya wateja. Sokoni nilienda kwa miguu."

Sikuwa nimewahi kuliwaza hilo. Miaka 20 baiskeli imeshinda ikipakia watu, na mwenye nyumba hajaketi juu yake hata mara moja. Nami nilikuwa nimejishughulisha na deni la aliyelala kaburini, wakati mdai mwingine anapita hapo uani kila siku na ndoo ya maji.

Mashindano ni wiki tatu zijazo. Keria iko mahali pake, na fundi amenionya kwamba nitashika mkia.

Jumapili iliyopita nilifunga mto wa zamani juu yake nikampeleka mama sokoni. Alikaa upande, kikapu mapajani, mkono mmoja umeng'ang'ania shati langu. Mwanzoni aliogopa, baadaye akaanza kuwasalimia watu njiani. Tulipofika kwenye kilima kabla ya soko, nilianza kuhema.

"Hapa baba yako alikuwa hashuki," akaniambia.

Nilishuka, nikaisukuma.