Ngao Haitafutwi Siku ya Vita



Siku 40 za Kwaresima zatukumbusha siku 40 za Bwana Yesu jangwani (Mathayo 4:1-11). Mjaribu alimjia alipoona njaa. Naye Bwana alimjibu mara tatu, na majibu yote matatu yatoka katika Kumbukumbu la Torati, kitabu cha watu waliojaribiwa jangwani miaka 40. Hakuhangaika kutafuta jibu. Neno lilikuwamo moyoni mwake.

Je, sisi? Mtoto augua usiku, na jirani atushauri tuache hospitali, twende kwa mpiga ramli. Saa ile hakuna nafasi ya kuanza kujifunza. Lililomo moyoni ndilo litakalojibu. Moyo ukiwa mtupu, miguu itamfuata jirani.

Basi kufunga kwetu kusiwe kwa chakula tu. Kila jioni wazazi wawakusanye watoto, wajifunze kwa moyo ombi la sita la Sala ya Bwana pamoja na maelezo yake katika Katekisimo Ndogo, aliyoitoa Luther mwaka 1529. Na aliyekwisha kuanguka asikate tamaa: Bwana alishinda kwa ajili yake, naye amwita arudi.

Amina.