Hasira za Mabingwa

Katika vijiwe vya drafti hapa Mwanza namwona mara nyingi aliyefungwa akivuruga kete na kuondoka. Wengine husema ni uhuni wa mtaani. Lakini Juni 1, 2025, kule Norway, Magnus Carlsen, bingwa wa dunia wa sataranji mara 5, alifungwa na Gukesh wa India, kijana wa miaka 19. Alipiga meza kwa ngumi, kete zikaruka. Kisha akampa mkono.

Michezo hii haiendi kwa bahati, wala huwezi kumlaumu refa. Ndiyo maana inauma. Je, maumivu ni ruhusa? Hapana. Anayepiga meza humpokonya mshindi furaha aliyoitolea jasho. Ndugu msomaji, subira inayokuja baada ya ngumi imechelewa. Ukifungwa, tangulia kutoa mkono.