Ramadhani, siku ya 11: Ulimi mzito



Kila Ramadhani baada ya Alasiri, watu wakifungua misahafu, kuna wenzetu hutafuta kazi. Huyu anapanga viatu mlangoni, yule anaulizia maji ya futari, mwingine ameweka simu sikioni anasikiliza kisomo. Kusikiliza kuna thawabu, sina ugomvi nako. Lakini tunajuana. Mtu ana miaka 45, ana duka lake, anaheshimika mtaani, hataki wanawe wamsikie akikwama kwenye Alam Nashrah.

Na kweli ni kazi. Kiswahili chetu kina h moja, Kiarabu kina mbili, na kila moja ina mahali pake kooni. Ukiitamka qaf kama kaf, qalb, yaani moyo, inageuka kalb, yaani mbwa! Ain ndiyo usiseme. Na sisi ambao lugha za nyumbani hazitenganishi r na l tuna mzigo wa ziada. Hilo si dhambi wala si ujinga. Ni koo na ulimi havijawahi kutumiwa hivyo.

Sasa sikiliza alivyotupokelea Bi Aisha (r.a.), katika Bukhari na Muslim. Mtume (s.a.w.) amefundisha kwamba hodari wa Qur'ani yuko pamoja na Malaika watukufu, na anayeisoma kwa kubabaika, inamuwia ngumu, ana ujira mara mbili. Wanazuoni wakafafanua: mmoja wa kusoma, mwingine wa ile taabu. Yaani kule kukwama unakokuonea haya ndiko kunakoandikiwa. Ila wakaongeza kwamba hii haina maana kuwa anayebabaika amempita hodari, kwani hodari naye alianza kwa kubabaika. Kwa hiyo tusiifanye hadithi hii kuwa mto wa kulalia.

Mtu ataniambia, "Shekhe, mimi sina subira ya mambo haya." Haya, subira inapatikana wapi? Katika hadithi ya Abu Said al-Khudri (r.a.) tumefundishwa kwamba anayejilazimisha kusubiri, Allah humpa subira. Kujilazimisha kunatangulia. Kwenye jambo unaloliweza tangu utotoni hutajifunza subira, maana halikubani popote. Tazama saumu yenyewe: siku ya kwanza, saa tisa alasiri, kichwa kinagonga na kila mtu anauliza saa. Leo ni siku ya 11, nani bado analalamika? Tumbo halikuzaliwa linajua kufunga. Limefundishwa siku kwa siku.

Nikivaa kofia ya ualimu, nasema dakika kumi kila siku zinashinda saa mbili za Jumapili. Koo linataka kurudiarudia. Chukua herufi moja, itamke mbele ya mwalimu, akurekebishe, urudie kesho. Usijirekodi ukajihukumu peke yako, wengi wameachia hapo.

Darasa la watu wazima ni leo baada ya Alasiri, kwenye nguzo za nyuma. Watoto tumewahamishia ghorofani, hawatawasikia. Akina mama, ustadhati yuko upande wenu wakati huohuo. Leo ni herufi mbili tu, ha kubwa na ain, zote zinatoka katikati ya koo. Asiye na msahafu, ipo kabatini.

Allah atulainishie ndimi zetu. Aamin.