Habari za Ndugu Yetu Aangukaye

Someni kwanza Mathayo 4:23–24, Marko 9:14–29 na Yohana 9:1–3.

Mwezi huu twataka kusema nanyi habari ya ugonjwa ambao wengi huutaja kwa kunong'ona, ndio kifafa. Nasi hatuna budi kuanza kwa kuungama kosa letu wenyewe.

Katika mtaa mmoja wa milima hii yetu alikuwako mama mwenye mwana aangukaye. Kila alipoanguka, watu walikimbia wakiogopa povu la kinywa chake. Katika ibada aliketi peke yake karibu na mlango. Majirani walisema ni laana ya ukoo, na wengine ya kuwa mama ndiye aliyekosa. Nasi tulio wachungaji na wazee tulifanya nini? Tuliomba pamoja naye, na kuomba ni vema. Lakini hatukumpeleka kwa tabibu, wala hatukuwakemea wanong'onaji. Miaka mitatu ikapita hivyo. Hata siku moja kijana akaangukia motoni, mkono wake ukaungua vibaya. Ndipo tulipoamka, tukachanga fedha, tukamshusha mlimani kwenda hospitali.

Huko tabibu alimwuliza mama maswali mengi, kisha kijana akapigwa picha ya kichwa. Ikaonekana alama ya kovu la zamani katika ubongo. Tabibu akauliza, "Mama, mtoto huyu hakuugua sana alipokuwa mdogo?" Mama akakumbuka homa ya uti wa mgongo iliyomshika kabla hajajua kutembea. Akaitazama ile picha kwa muda mrefu, akasema, "Kumbe ni kovu tu." Akalia. Nasi tuliosimama nyuma yake tuliona haya, kwa maana sehemu ya mzigo aliouchukua miaka yote ile tulimtwika sisi.

Huenda msomaji akauliza, Picha hiyo ni kitu gani? Mwaka 1895 Röntgen, mtaalamu wa Ujerumani, aligundua miali ipenyayo mwili na kuonyesha mifupa. Lakini ubongo ulibaki umefichwa ndani ya fuvu lake. Ndipo Hounsfield wa Uingereza akatengeneza mtambo upitishao miali hiyo pande zote za kichwa, na kompyuta ikazipanga hesabu zake, hata ubongo ukaonekana kipande kwa kipande, kama mkate uliokatwa, wala kisu hakikumgusa mtu. Mgonjwa wa kwanza alipigwa picha hiyo London mwaka 1971. Mwaka 1979 Hounsfield alipewa Tuzo ya Nobel pamoja na Cormack, mzaliwa wa Johannesburg, aliyekuwa ameipata hesabu ya kazi hiyo. Uko na mtambo mwingine, utumiao sumaku kubwa pasipo miali hiyo.

Faida yake yaonekana katika kiharusi. Sisi wa Upare twajua mifereji itokayo katika ndiva. Shamba likikosa maji, ama mfereji umezibwa na majani, ama ukingo umebomoka. Mwenye shamba akiongeza maji bila kutazama, atalifaa shamba la kwanza na kuliharibu la pili. Vivyo hivyo wawili waweza kupooza mkono na kupinda kinywa sawasawa. Lakini mmoja mshipa wake umezibwa, na mwenzake umepasuka. Dawa ya kuyeyusha damu iliyoganda yaweza kumwokoa wa kwanza, nayo yaweza kumwua wa pili. Jicho la mtu halitambui tofauti yao, picha yaitambua. Kwa hiyo mgonjwa wa kiharusi apelekwe hospitali upesi, asingojee hata kesho.

Tena kuna kifafa ambacho chanzo chake chaweza kuzuiwa. Katika Hospitali ya Kilutheri ya Haydom watu 212 wenye kifafa walipigwa picha ya kichwa, na habari zao ziliandikwa mwaka 2009. Katika hao, 38 walionekana na alama za vijifuko vya tegu wa nguruwe katika ubongo. Mtu huingiwa na ugonjwa huo akimeza mayai ya tegu yatokayo katika kinyesi cha mtu mwenye mnyoo huyo. Basi choo kizuri, mikono iliyonawiwa na nguruwe aliyefungiwa bandani ni ulinzi wa ubongo wa watoto wetu.

Lakini tusiifanye picha kuwa mungu. Wako wengi wenye kifafa ambao picha yao haionyeshi neno lo lote, nao ni wagonjwa kweli. Wala msingojee fedha za picha ndipo mwende kwa tabibu. Wengi hupata nafuu kwa vidonge vya bei ndogo, mradi wavimeze kila siku wala wasiviache ghafula.

Huenda mmoja atasema, Je, mtoto yule wa Marko hakuwa na pepo? Ndiyo, hivyo ndivyo Injili inenavyo. Lakini Mathayo, awahesabupo walioponywa na Bwana, awataja wenye pepo mahali pao, na wenye kifafa mahali pao. Tusiyachanganye yale ambayo Mwinjilisti ameyatenga. Tena angalieni: Bwana alimwuliza baba ni tangu lini mwanawe apatwa na hayo, naye akajibu ni tangu utotoni. Aliye Mwana wa Mungu aliuliza kwa upole kama tabibu. Sisi tulihukumu bila kuuliza. Na wanafunzi walipotafuta dhambi ya kipofu au ya wazazi wake, Bwana aliwakataza.

Basi, walimu, fundisheni hivi. Mtu akianguka, msikimbie, kwa kuwa kifafa hakiambukizi kwa mate. Ondoeni moto na vitu vikali, mlazeni ubavu, wala msimtie kijiko kinywani. Akizidi dakika tano, apelekwe hospitali. Na Jumapili aketi katikati yetu, aje Mezani pa Bwana pamoja na ndugu zake.

Kijana yule angali anameza dawa yake, na kuanguka kwake kumepungua sana. Mama yake huketi naye benchi la mbele. Hakuna aliyewapeleka huko, walikwenda wenyewe.

Ee Bwana, uonaye yaliyofichwa kuliko mtambo wo wote, utusamehe maneno tuliyoyanena juu ya wagonjwa wako. Uwape matabibu hekima, nasi utupe mikono isiyoogopa. Amin.