Tulimwibia Nini Mzee Yule?

Ndugu msomaji, lipo swali linaloninyima usingizi, na kwa kuwa elimu yangu iliishia kidato cha nne, nitaliuliza kwa lugha ya gereji. Je, unaweza kumwibia mtu bila kumpunguzia chochote alichokuja nacho?

Mchana nashika spana katika gereji ya mjomba wangu huku Temeke. Usiku naandika riwaya isiyokwisha. Siku moja akaja mzee mmoja, mwalimu mstaafu, na Corolla yake ya mwaka 1988. Gari lilikuwa limemserereka siku ya mvua, nusura aingie mtaroni, na tangu hapo akawa anaendesha kwa woga, polepole, mpaka daladala zinampigia honi. Mwanawe akamwambia dawa yake ni breki za ABS, akamtumia na pesa. Mzee akaitikia shikamoo yangu, akasema, "Kijana wangu, nifungieni hizo ABS, nami niendeshe kama watu."

Kwa asiyejua: ukikanyaga breki kwa nguvu kwenye utelezi, magurudumu hufunga, yaani yanaacha kuzunguka huku gari linaendelea kwenda. Gurudumu lililofunga halisikii usukani. Mfumo wa ABS, ambao Bosch na Mercedes-Benz waliuingiza sokoni mwaka 1978, una sensa zinazosoma pete zenye meno kwenye magurudumu. Gurudumu likitaka kufunga, kompyuta inalilegezea breki kidogo na kulibana tena, mara kadhaa ndani ya sekunde moja, upesi kuliko mguu wa dereva yeyote. Faida yake kubwa ni kwamba unaweza kukwepa kitu huku umekanyaga. Kwenye kokoto, kwa mfano, gari lenye ABS linaweza hata kuchelewa kusimama.

Sasa, kulifungia gari la zamani si kama kufunga redio, bwana. Unataka pete, sensa, pampu na vali zake, mabomba mapya ya breki, nyaya na kompyuta yenyewe. Na kompyuta ile ilipangwa kiwandani kwa uzito, matairi na breki za gari fulani. Ukiihamishia kwenye gari jingine, nani atakuhakikishia kuwa italegeza breki pale tu inapotakiwa? Mjomba alikataa. "Nisamehe mzee wangu, siwezi kukufungia kitu nisichoweza kukipima." Mzee akashikilia. Pesa zilikuwa pale pale mezani, na kodi ya gereji tulikuwa tunadaiwa. Mjomba akalegea.

Tulinunua vifaa vilivyotolewa kwenye gari lililokatwa, tukafunga. Taa ya ABS ikawaka, ikagoma kuzimika. Maana yake mfumo umejiona una hitilafu, umejizima. Zimebaki breki za kawaida tu. Fundi umeme alihangaika siku mbili. Siku ya tatu akaunganisha waya wa taa ile na wa taa ya oili, ziwake pamoja na kuzimika pamoja injini inapowaka. Mzee akaja, akawasha, akaona taa imezimika, akacheka kama mtoto. Mimi ndiye niliyempa funguo. Nikasema, "Iko safi, mzee."

Nilipomlalamikia mjomba, alinijibu hivi: breki alizokuja nazo si ndizo anazoondoka nazo? Zinashika vile vile. Tumemdhuru nini? Pesa, sawa, tumemla. Lakini usalama wake hatukuugusa.

Nakiri hoja hiyo ilinifunga mdomo kwa siku kadhaa. Kilichonifungua ni habari ya teksi za München, Ujerumani. Huko, mwanzoni mwa miaka ya 1980, baadhi ya teksi zilikuwa na ABS na nyingine hazikuwa nayo, zikafuatiliwa kwa miaka mitatu. Ajali hazikupungua kwa zile zenye ABS. Wachunguzi waliopanda kama abiria wa kawaida waliona kwamba madereva wake walikata kona kwa ukali zaidi. Mwanasaikolojia Gerald Wilde, aliyefundisha Kanada, aliutumia mfano huo kudai kwamba mtu akiongezewa usalama huutumia kujiongezea mwendo. Wanaombishia ni wengi, na mimi sisemi tuvue mikanda ya viti. Lakini wale wa München angalau walikuwa na ABS kweli!

Mzee wetu hakuwa nayo. Alikuwa na woga, na woga ule ndio uliokuwa ukimpunguzia mwendo, ukimwachia nafasi mbele, ukimrudisha nyumbani mvua inapoanza. Ilikuwa breki yake ya tano, nasi tuliing'oa kwa waya mmoja. Tena mlango wa pili tu kutoka gereji nilimwona akiyapita magari mawili kwa mkupuo.

Halafu nikasikia kwamba Jumamosi anakwenda Iringa. Ina maana atapanda Kitonga, na kurudi atauteremka. Pale hata ABS nzima haisaidii kitu, kwa sababu kinachoua kwenye mteremko mrefu ni breki kupata moto mpaka zikaacha kushika. Kinachookoa ni gia ndogo na subira. Je, mtu aliyeambiwa "iko safi" atateremka kwa gia gani?

Ijumaa jioni nikaenda kwake. Nilimweleza yote, taa, waya, oili. Alinisikiliza kama mwalimu anayesahihisha daftari, kisha akauliza, "Kwa hiyo wiki nzima hii nimekuwa naendesha nini?" Sikuwa na jibu. Mkewe akaniletea chai, nikashindwa kuimaliza.

Iringa alikwenda kwa basi. Mjomba hanisemeshi, ananielekeza kazi kwa kidole. Pesa tumerudisha nusu, na gari bado liko uani kwetu, taa yake ya ABS inawaka.